Gurudumu la Kipimo cha Mguu

Tairi lilikuwa jipya, limeandikwa 28 ubavuni kwa herufi za kuinuka, na ringi nayo tuliambiwa ni ya 28. Fundi alilivalisha upande mmoja, akalivalisha wa pili, kisha akalishika kwa viganja vyote viwili na kulizungusha. Likazunguka peke yake, ringi imetulia. Lilipwaya kama bangili ya mtu mzima mkononi mwa mtoto. Akatia upepo kidogo. Tairi likapanda ukingo wa ringi na mpira wa ndani ukachungulia. Akafungulia upepo, akalivua, akalitundika msumarini.

"Mwanangu, 28 ziko mbili," aliniambia. "Kuna 28 ya Phoenix na kuna 28 ya mtumba. Hizo hazijuani."

Tulikuwa Tanga, mji wa baiskeli tangu sijazaliwa, na tulikuwa tunamuundia mdogo wangu baiskeli. Yeye ni mwalimu, kimo chake ni sentimita 150, na kila baiskeli aliyowahi kupanda ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Hii ingekuwa yake: mabomba ya fremu kuukuu yangekatwa na kuunganishwa upya kwa urefu wa mapaja na mikono yake. Ringi ya mtumba nilikuwa nimeitafuta mimi, na tairi nimelinunua mimi, kwa haraka na kwa furaha, kabla fundi hajauliza swali lake la kwanza. Nilidhani angeanza na rangi au gia. Aliuliza: mnataka gurudumu la ngapi?

Nimelibeba swali hilo kwa muda mrefu. Nyuma yake kuna zaidi ya miaka 200 ya watu kubishana, kukisia na kuchonga, na kadiri nilivyoisoma historia hiyo ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ni habari ya mwili wa binadamu. Wakati fulani gurudumu lilipimwa kwa mguu wa mpandaji. Halafu mguu ukasahauliwa. Na mara kwa mara ametokea mtu mmoja, hapa na pale, akaukumbuka.

Mwanzoni mguu haukuhusika na gurudumu hata kidogo. Karl Drais, Mjerumani wa Mannheim, alitoka na chombo chake cha mbao Juni 1817: magurudumu mawili ya kufuatana, ubao wa kukalia katikati, na mpandaji akijisukuma kwa kukanyaga ardhi kama mtu anayekimbia akiwa ameketi. Magurudumu yale yalikuwa ya kazi ya mikokoteni, na ukubwa wake ulitosha tu kumwezesha mtu kufikisha nyayo chini. Ilikuwa hivyo kwa takriban miaka 50, mpaka mafundi wa Paris, katika karakana ya Pierre Michaux, walipofunga pedeli kwenye ekseli ya gurudumu la mbele katika miaka ya 1860. Hapo ndipo ukubwa wa gurudumu ulipogeuka kuwa jambo la kupigiwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pedeli ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye ekseli, mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja, basi. Gurudumu la inchi 36 linakupeleka mita 2.9 kwa mzunguko mmoja. La inchi 50 linakupeleka karibu mita 4. La inchi 60 linakaribia mita 4.8. Anayetaka mwendo hana njia nyingine ila kulikuza gurudumu. Eugène Meyer wa Paris alipata hataza ya gurudumu la spoki za waya za kuvutwa mwaka 1869, na hapo gurudumu kubwa likaacha kuwa mzigo wa mbao na chuma kizito. Mjini Coventry, Uingereza, James Starley alilishika wazo hilo na kulifikisha mbali: baiskeli yake ya Ariel ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1870, na mwaka 1874 akaweka spoki za kukatisha kwa mshazari kutoka kwenye habu, mtindo ambao baiskeli iliyoegemea ukuta wa nyumba yako inaufuata mpaka leo.

Gurudumu la mbele likapanda, la nyuma likasinyaa mpaka likawa kama la mkokoteni wa mtoto. Picha zake zinajulikana, na watu huzicheka. Mimi sizicheki, kwa kuwa nyuma ya lile umbo kuna jambo moja ambalo viwanda vilivyofuata vililipoteza. Gurudumu lisingeweza kukua kupita urefu wa mguu wa anayelipanda. Pedeli ikiwa chini kabisa, lazima unyayo uifikie. Kwa hiyo mnunuzi alipimwa. Mtu alisimama akapimwa upande wa ndani wa mguu, kutoka kwenye msamba mpaka sakafuni, na kipimo kile ndicho kilichotaja gurudumu lake: huyu 48, yule 52, yule mrefu 58. Watu wawili wa nyumba moja wangeweza kununua baiskeli za aina moja na zikawa na magurudumu tofauti, kama vile ndugu wawili wanavyovaa viatu tofauti bila mtu kushangaa.

Thomas Stevens alipoondoka San Francisco Aprili 1884, gurudumu lake la mbele lilikuwa la inchi 50. Alivuka Marekani juu yake, akafika Boston mwezi Agosti, kisha akaendelea Ulaya, Uturuki, Uajemi, India na China, na akafika Yokohama mwishoni mwa 1886. Ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Kila nikimfikiria nauona mguu wake wa kushoto ukishuka, ekseli ikizunguka, na mita 2 za Asia zikipita chini yake, halafu mguu wa kulia, halafu tena.

Gharama ya umbo lile ilikuwa kuanguka. Mpandaji aliketi karibu juu kabisa ya ekseli, na jiwe dogo likilizuia gurudumu, yeye huendelea mbele kichwa kikitangulia. Wanawake wengi, kwa mavazi waliyolazimishwa kuvaa enzi zile, hawakuweza. Waliachiwa baiskeli za magurudumu matatu. Wafupi nao walikwama, maana mguu mfupi ulimaanisha gurudumu dogo, na gurudumu dogo lilimaanisha mwendo wa pole. Hakuna kazi ya misuli ambayo ingeziba pengo hilo.

Mpwa wa James Starley, aitwaye John Kemp Starley, ndiye aliyelikata fundo. Rover yake ya mwaka 1885 iliweka cheni kutoka kwenye pedeli hadi gurudumu la nyuma. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, akiwemo Harry Lawson mwaka 1879, lakini Rover ndiyo iliyonunuliwa na kuigwa. Cheni ilizidisha mzunguko wa mguu. Ukiwa na meno 44 mbele na meno 22 nyuma, gurudumu la inchi 28 linafanya kazi ya gurudumu la inchi 56. Mtu mfupi na mtu mrefu wakaweza kwenda sawa, kila mmoja akiwa amekaa chini, karibu na ardhi, kati ya magurudumu mawili. Waingereza na Wamarekani wengi bado wanataja gia kwa inchi: mtu atakwambia anapanda mlima kwa gia ya inchi 40, na anachokitaja ni kipenyo cha gurudumu kubwa la kale ambalo hakuwahi kuliona.

Mguu ukafunguliwa kamba. Ingetegemewa sasa gurudumu lipungue haraka, lakini halikupungua. Tairi za siku hizo zilikuwa mpira mgumu usio na upepo, na barabara zilikuwa za mawe. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo. Dogo huingia ndani ya shimo. Ukitaka kuona, chukua sarafu na kifuniko cha sufuria, uvibiringishe juu ya mwanya wa sakafu. Basi gurudumu lilibaki kubwa kwa sababu ya barabara, mpaka lilipopata msaada kutoka Belfast.

John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, Mskochi aliyehamia Ireland. Mwaka 1887 alimfungia mwanawe mpira wenye upepo kwenye magurudumu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, na mwaka uliofuata akapata hataza. Hakujua kwamba Mskochi mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amelipata wazo hilo hilo katika miaka ya 1840, likakosa mnunuzi. Willie Hume alishinda mbio za Belfast mwaka 1889 akiwa na tairi za upepo, na walioanza kwa kuzizomea wakamaliza kwa kuziagiza. Mwaka 1891 ndugu Michelin wa Ufaransa walitoa tairi linalovuliwa na kuvalishwa na mpandaji mwenyewe, na Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris hadi Brest na kurudi. Upepo ulichukua kazi iliyokuwa ikifanywa na ukubwa.

Ndipo tunapofika kwenye tairi langu la msumarini.

Wafaransa walipopanga ukubwa wa magurudumu, walianza na kipimo cha nje, yaani tairi likiwa limevalishwa na kujazwa upepo. Namba 700 ilimaanisha milimita 700 kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine. Lakini tairi kuna jembamba na kuna nene, na wakitaka yote yafikie 700 kwa nje, ringi ya tairi nene lazima iwe ndogo zaidi. Wakazitofautisha kwa herufi. 700A, ya tairi jembamba, ringi yake hukalia tairi kwenye milimita 642. 700B ni 635. 700C, iliyokusudiwa tairi nene kuliko zote, ni 622. Familia ya 650 ikapangwa vivyo hivyo: A ni 590, B ni 584, C ni 571. Waingereza walifuata njia hiyo hiyo kwa inchi na sehemu za inchi, kwa hiyo 28 x 1½ ya Mwingereza ni 700B ya Mfaransa, na 26 x 1⅜ ni 650A.

Ulikuwa mpango wa akili kabisa kwa siku ulipoandikwa. Tatizo ni kwamba tairi zilibadilika unene na majina yakabaki. 700C ilichukuliwa na watu wa mbio, wakaifunga tairi jembamba kuliko yote, kinyume cha ilivyokusudiwa, na leo inaitwa 28 barani Ulaya ingawa tairi lake la mbio halifiki milimita 700 kwa nje. Ringi yangu ya mtumba ilikuwa hiyo, 622. Tairi nililonunua lilikuwa la 635. Tofauti ni milimita 13, haifiki upana wa kidole gumba, na inatosha kumvunja mtu shingo. Siku hizi tairi nyingi huandikwa pia namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 40-635: ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni mahali tairi linapokalia ringi, zote kwa milimita. Namba hiyo ya pili haidanganyi. Nilikuwa nayo mkononi dukani, imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ile 28 kubwa, na sikuisoma.

Na 635 ndiyo gurudumu letu. Viwanda vya Nottingham na Birmingham vililichagua kwa baiskeli nyeusi nzito zilizosambazwa kote kwenye makoloni. Wahindi wakaziunda wenyewe. Na Wachina nao, kwa kuwa Flying Pigeon iliyoanza kutengenezwa Tianjin mwaka 1950 ilifuata umbo hilo hilo la Kiingereza. Phoenix ya Shanghai ikaja na 28 yake. Wakenya waliiita baiskeli hiyo Black Mamba. Ndiyo iliyovusha watu mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, na kwa kuvusha watu kutoka boda hadi boda ikazaa jina la boda boda, kabla pikipiki hazijalirithi. Nimeiona ikibeba magunia mawili ya mkaa, jeneza, kitanda cha chuma na mama mjamzito anayekimbizwa zahanati. Kwenye njia ya udongo yenye mizizi, gurudumu lile kubwa linakwenda kwa utulivu ambao sijaupata kwenye baiskeli nyingine yoyote. Siisemi vibaya.

Lakini ilikuja kwa kipimo kimoja. Anayekumbuka utoto wake kijijini atakumbuka jinsi tulivyoiendesha: huwezi kuketi, kwa hiyo unapenyeza mguu wa kulia chini ya bomba la juu, unaufikisha kwenye pedeli ya upande wa pili, mkono mmoja umekumbatia siti, mwili wote umepinda upande wa kushoto, na baiskeli inakwenda mshazari kama kaa. Wavulana tulikua tukaondoka katika mkao ule. Mdogo wangu hakukua kiasi hicho. Alipokuwa mwalimu mwenye mshahara wake, bado alikuwa akishuka kwenye baiskeli kwa kuruka, maana unyayo haukufika chini.

Mtu aweza kusema: punguza fremu. Imejaribiwa, na hapa ndipo ukubwa wa gurudumu unapouma. Magurudumu mawili yana nafasi yake ambayo hakuna atakayeinyang'anya. Ukifupisha bomba la juu ili mikono ya mtu mfupi ifike kwenye usukani, gurudumu la mbele linarudi nyuma kuelekea pedeli, mpaka ncha ya kiatu inaligusa tairi kila unapokata kona. Ukishusha fremu, usukani hauwezi kushuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa na gurudumu na uma wake. Viwanda vingi vilificha tatizo kwa kuinamisha mabomba huku na huku, vipimo vya karatasi vikatoka vizuri na mwili ukaumia vile vile. Georgena Terry, mhandisi wa mitambo wa Rochester, New York, alilitazama jambo hilo moja kwa moja. Alikuwa akiunganisha fremu mwenyewe, na kuanzia mwaka 1985 aliuza baiskeli za wanawake ambazo, kwa vimo vidogo, zilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 24 na la nyuma la ukubwa wa kawaida. Watu waliziona za ajabu. Wanawake waliozipanda waligundua kwamba maumivu ya shingo na mabega waliyoyabeba kwa miaka hayakuwa sehemu ya kuendesha baiskeli. Katika historia hii nzima, yeye ndiye ninayempenda zaidi, kwa kuwa alianza na mtu, akampima, kisha akauliza gurudumu.

Alikuwa na watangulizi. Huko Saint-Étienne, mji wa viwanda wa Ufaransa, Paul de Vivie aliyejulikana kwa jina la Vélocio alichapisha gazeti la waendesha baiskeli tangu 1887, na kwa miaka mingi alihubiri gia nyingi na tairi nene, wakati waandaaji wa mbio walipokuwa wakizikataa gia kwa kudai zinamdhoofisha mwanamume. Tour de France haikuziruhusu gia za kubadilisha kwa cheni mpaka 1937. Vélocio hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1930 baada ya kugongwa na tramu. Waliobaki na mafundisho yake walikuwa mafundi wa Levallois-Perret, pembeni mwa Paris: Alex Singer aliyefungua duka mwaka 1938, na René Herse aliyemfuata muda mfupi baadaye. Hawa hawakuuza fremu tupu. Mteja alikuja, akapimwa, akaulizwa anakwenda wapi na anabeba nini, na fundi akaunda kitu kizima: fremu, keria, madigadi, taa, hata shina la usukani. Gurudumu la safari kwao mara nyingi lilikuwa 650B, ringi ya 584. Walilichagua kwa sababu inayoeleweka hata kwenye barabara zetu: ukitaka tairi nene lenye kulainisha mawe, nawe hutaki gurudumu zima livimbe hadi kugusa madigadi na kiatu, punguza ringi uongeze tairi. Walichokipunguza kwenye chuma walikirudisha kwa upepo.

Mwingereza Alex Moulton alikwenda mbali zaidi ya hapo. Ukoo wake ulikuwa wa biashara ya mpira mjini Bradford on Avon, na yeye ndiye aliyebuni springi za mpira za gari dogo la Mini la mwaka 1959. Vita vya Suez vya 1956 vilipofanya petroli igawiwe kwa mafungu, aliigeukia baiskeli na kuuliza swali ambalo wengi waliona limeshajibiwa: kwa nini gurudumu liwe kubwa? Gurudumu dogo ni jepesi, ni imara, huchukua kasi upesi, na huacha nafasi ya mzigo. Ubaya wake ni mashimo, basi akaiwekea baiskeli springi za mpira mbele na nyuma. Kampuni ya Raleigh iliikataa alipoipelekea. Akaitoa mwenyewe mwaka 1962, magurudumu ya inchi 16, tairi nyembamba zilizojazwa upepo mwingi, na mwezi Desemba mwaka huo huo John Woodburn akavunja nayo rekodi ya Cardiff hadi London. Raleigh wakaona, wakatoa yao ya magurudumu madogo mwaka 1965. Waliweka tairi nene laini mahali pa springi, na ilikuwa nzito kwa mwendo. Walichukua udogo wa gurudumu wakaacha sababu yake. Mwaka 1967 wakainunua kampuni ya Moulton.

Marekani ukubwa mwingine ulikuwa ukipatikana jalalani. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ilikuwa imeleta mwaka 1933 tairi nene la inchi 26 kwa unene wa inchi 2 na thumuni, yaani 2.125, kwa baiskeli za vijana. Miaka 40 baadaye vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco, waliziokota baiskeli hizo kuukuu, wakazivua madoido yote, na kuteremka nazo Mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza kwenye njia waliyoiita Repack, kwa sababu breki ya ndani ya habu ilichemka mpaka grisi ikaungua na kufuka moshi, na ukifika chini ilibidi uifungue uijaze grisi upya. Joe Breeze aliunda fremu ya makusudi kwa kazi hiyo mwaka 1977. Akaweka gurudumu la 26, ringi ya 559. Hakuna aliyelikokotoa, tairi nene zilizopatikana zilikuwa za ukubwa huo. Mwingereza Geoff Apps, aliyekuwa akiunda baiskeli zake za matope, aliwatumia Gary Fisher na Charlie Kelly tairi za theluji za Finland za ukubwa mkubwa zaidi, zikawapendeza, ila hazikupatikana za kutosha. Hivyo dunia nzima ikapanda 26 milimani kwa miaka 30, kwa sababu ya kilichokuwamo ghalani.

Tairi nene la ringi ya 622 lilitoka mwaka 1999, likaitwa 29. Ni ile ile 700C ya Mfaransa, ile ile 28 ya mtumba, sasa kwa jina la tatu. Nayo 650B ilifufuliwa na Kirk Pacenti mwaka 2007 kwa jina la 27.5. Ubishi ukafika hata Afrika: Machi 2012, huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Mswisi Nino Schurter alishinda duru ya Kombe la Dunia juu ya 27.5. Agosti ya mwaka huo, kwenye Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alimpita mwishoni akiwa kwenye 29. Viwanda vikachukua ushindi huu na ule kuwa ushahidi, vikabadilisha mashine, na baada ya miaka michache 26 ikawa haipo kwenye maduka ya kifahari. Mtu wa sentimita 150 aliambiwa kwamba 29 ndiyo bora, kwa kuwa mtu mrefu alishinda nayo.

Wapo waliokataa. Grant Petersen, katika karakana yake ya Rivendell huko California, aliendelea kutoa baiskeli ya jina moja kwa magurudumu tofauti, dogo kwa fremu ndogo, kubwa kwa fremu kubwa. Ukiitazama picha ya fremu hizo zikiwa zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kila moja inaonekana imekaa sawa, kama watoto wa nyumba moja waliovaa sare za kuwatosha. Hicho ndicho kilichojulikana Coventry mwaka 1875.

Fundi wetu hakuwa amesoma hata habari moja katika hizi. Alimwita mdogo wangu, akamwambia, "Njoo bibie, vua viatu," akamsimamisha kwenye nguzo ya kibanda. Alimbana daftari gumu katikati ya miguu, akalipandisha mpaka likakaza kama siti inavyokaza, akapiga mstari wa chaki kwenye nguzo. Akapima kutoka mstari hadi sakafuni. Akamuuliza shule iko umbali gani. Kilomita sita. Njia ikoje? Lami kidogo, halafu changarawe, halafu mchanga wa kuteleza karibu na mto. Unabeba nini? Madaftari ya darasa zima, Ijumaa. Kisha akatuonyesha tairi zilizoning'inia, akizigusa moja moja: 28 ya Phoenix, 28 ya mtumba, 26 nyembamba, 26 nene. "Hizi nne ndizo utakazozipata kijijini kwako tairi likipasuka," alisema. "Nyingine zote ni za kwenye picha."

Akaishusha ile 26 nene, ya ringi ya 559. Tairi likiwa limejaa, kipenyo chake cha nje ni kama milimita 667, ilhali la Phoenix hufika 715. Ekseli inashuka milimita 24, gurudumu la mbele linasogea mbali na kiatu, na unene wa tairi unalipa deni la mchanga na changarawe. Alimkalisha mdogo wangu kwenye benchi, akamshikisha gurudumu mbele, akaweka krenki chini ya mguu wake, akausogeza unyayo mbele kabisa na kuuzungusha uma taratibu, kushoto, kulia. Kati ya ncha ya kiatu na tairi vilipita vidole viwili vya fundi. Akaandika ukutani kwa chaki urefu wa bomba la juu.

Wiki tatu baadaye, siku ya kuichukua, alikuwepo mchuuzi wa samaki na Phoenix yake iliyopasuka tairi la nyuma, tenga bado limefungwa kwenye keria na linachuruzika. Fundi alinyoosha mkono msumarini, akalitoa lile tairi langu, akanitazama nikaitikia kwa kichwa. Alilivalisha upande mmoja, akalivalisha wa pili, akalisukuma kwa kidole gumba mpaka likalia pale lilipokaa. Alipolizungusha, ringi ilizunguka nalo.